Kurjeti katika bustani ya nyumbani: vuna mapema, vuna mara nyingi



Tangu vita, familia nyingi haziwezi tena kufika kila siku kwenye mashamba ya mbali. Udongo ulio nyuma ya nyumba ndio unaolisha watoto. Mahindi huku juu yanachukua miezi 5 au zaidi, na maharage karibu miezi 3. Kurjeti, ile boga tunayokula ingali changa (Tanzania wanaiita mumunye), inaanza kuzaa kati ya siku 50 na 70. Lakini wengi wanaipanda, wanavuna 2 au 3 kubwa, kisha mmea unasimama. Somo la leo linaeleza sababu.

Kupanda

Panda mvua ikianza, mwezi wa 9 au mwezi wa 2. Wakati wa kiangazi inawezekana pia, kama maji yako karibu.

1. Chagua mahali penye jua. Chimba mashimo ya upana wa sentimita 40, na kati ya shimo na shimo acha mita 1.
2. Changanya udongo na nusu ndoo ya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mbolea mbichi inachoma mizizi.
3. Inua udongo uwe kichuguu kidogo. Mvua yetu ni nyingi, na maji yakisimama mizizi inaoza. Penye mteremko, panga mistari ikate mteremko, isishuke nao.
4. Weka mbegu 3 kwa kina cha sentimita 2 au 3. Zikifika majani 3, bakisha mche mmoja wenye nguvu.

Tandika majani makavu chini ya mmea, lakini yasiguse shina. Kama unamwagilia, mwaga maji kwenye udongo, si juu ya majani. Majani ya chini yakipata unga mweupe, yakate uyatupe mbali na bustani.

Maua dume na maua jike

Maua ya kwanza yanaanguka bila kuzaa. Usiogope: mara nyingi hayo ni madume. Ua dume liko juu ya kijiti chembamba. Ua jike lina kaboga kadogo nyuma yake. Nyuki ndiye anayepeleka unga wa manjano toka dume hadi jike. Asubuhi ya mvua na baridi nyuki hatoki, basi kaboga kanageuka njano na kuoza kwenye ncha.

Hapo fanya kazi ya nyuki. Asubuhi, maua yakiwa wazi, chuma ua dume, ondoa petali zake, kisha pakaza unga wake katikati ya ua jike. Ua dume moja linatosha maua jike 2 au 3. Ikifika saa sita yamekwisha kujifunga.

Kuvuna ndiyo kazi kubwa

Mmea unatafuta kitu kimoja tu: mbegu. Boga moja likikomaa na mbegu zake, mmea unaona kazi imekwisha na unapunguza maua. Sisi watu wa Masisi tunajua ng'ombe: usipomkamua, maziwa yanakauka. Kurjeti ni vile vile.

Kwa hiyo:

- Pita bustanini kila siku 2. Wakati wa mvua na joto, pita kila siku.
- Vuna ikiwa na sentimita 15 hadi 20, ngozi ikiwa laini, ukucha unaingia bila nguvu.
- Kata kwa kisu, acha kikonyo kifupi. Ukivuta kwa mkono unaweza kuvunja shina.
- Ukikuta moja iliyojificha chini ya majani imekuwa kubwa, iondoe pia. Itaenda kwenye sufuria, au kwa nguruwe.

Kwa soko, vuna asubuhi mapema na uweke kivulini. Ngozi yake inakwaruzika upesi, na barabara ya kushuka Mushaki na Sake hadi Goma inatikisa sana: panga katika kikapu chenye majani, usijaze gunia.

Angalisho juu ya mbegu

Mbegu za F1 za dukani hazizai tena zilivyokuwa. Na kurjeti iliyochanganyika na maboga ya mwituni au ya mapambo inaweza kuleta matunda machungu. Ukionja kipande kibichi ukasikia uchungu, tupa, usimpe mtoto. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Mmea ukichoka, ng'oa, na mahali pale panda maharage au lengalenga. Usirudishe kurjeti, boga wala tango hapo msimu unaofuata.

Tujadiliane katika kikundi

1. Nani ana kurjeti au maboga yanayoangusha maua? Ni madume au majike?
2. Mwezi huu, kila mmoja ahesabu alichovuna kwenye mmea anaouvuna kila siku 2, na kwenye mmea mmoja aliouacha. Mkutano ujao tutalinganisha hesabu zetu.