Mwarobaini wafaa ngozi, lakini damu ya bawasiri isipuuzwe

MKAZI wa Mombasa au Malindi hahitaji kuelezwa mwarobaini ni mti gani. Asili yake ni Bara Hindi, ambako waganga wa Ayurveda wameutumia tangu kale kutibu maradhi ya ngozi na bawasiri. Huku kwetu ulipewa jina hilo kwa imani kwamba huponya maradhi arobaini. Je, ni kweli?

Tuanze na ngozi. Majani na mbegu za mti huu zina kemikali chungu zinazopunguza nguvu za bakteria, kuvu na wadudu. Mwaka 1992 kulichapishwa matokeo ya majaribio ya mwanzo yaliyofanywa India: watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona katika muda wa siku 3 hadi 15.

Ukitaka kuogea maji ya majani hayo, yachemshe, uyachuje na kuyaacha yapoe. Jipake kidogo upande wa ndani wa mkono kwanza, ungoje siku moja. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, acha. Ikiwa ni upele, watu wote nyumbani watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji moto. Usipopona, nenda zahanati ukapewe dawa ya kupaka.

Bawasiri ni jambo jingine. Hii ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, hasa kwa sababu ya kufunga choo, kujikamua chooni au ujauzito. Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba mwarobaini huiponya. Wanaokalia beseni la maji ya mwarobaini hupata nafuu, lakini maji ya uvuguvugu matupu, kwa dakika 10 hadi 15, hutuliza vilevile. Tiba ya msingi ni kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, kunywa maji ya kutosha na kutokaa chooni muda mrefu.

Hatari kubwa iko hapa. Damu ya bawasiri huja na kuondoka yenyewe. Mgonjwa akinywa mwarobaini wakati damu inakoma, huusifu mti. Lakini kansa ya utumbo mpana nayo hutoa damu kwa vipindi, na anayejitibu miezi sita huenda akafika hospitalini akiwa amechelewa. Muone daktari ukiona damu mara kwa mara, choo cheusi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda bila sababu.

Zingatia pia haya:

• Mtoto asinyweshwe kamwe mafuta ya mwarobaini. Yamewahi kuwaletea watoto wachanga kutapika, degedege na hata kifo.

• Mama mjamzito, au anayetafuta mimba, asinywe mwarobaini.

• Mwenye kisukari anayetumia dawa amwambie daktari kwanza, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

• Kunywa maji mengi ya majani haya kwaweza kudhuru figo.

Ndugu msomaji, kupimwa njia ya haja kubwa huchukua dakika chache tu. Daktari amezoea kazi hiyo, usione haya.