SOMO LETU: MBWA MWENYE NGUVU ANATAKA MALEZI

Hapa kwetu Singida watu wengi wanafuga. Yuko mwenye ng'ombe, yuko mwenye mbuzi, na kuku ndiyo usiseme. Usiku fisi anazunguka zizi. Kwa hiyo mbwa mkubwa, mwenye mbio na nguvu, ni mlinzi wa mali. Lakini mbwa huyo huyo asipofundishwa anaua kuku wa jirani na kung'ata watoto waendao shule. Basi leo tujifunze wajibu wa mwenye mbwa.

1. Tuanze angali mdogo

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa akae na mama yake mpaka atimize majuma 8. Baada ya hapo, tukitaka alinde mbuzi, tumlaze karibu na mbuzi ili awazoee.

Huko Namibia, tangu mwaka 1994, shirika moja linalohifadhi duma limekuwa likiwapatia wafugaji mbwa wakubwa wa kulinda mifugo. Mbwa hao hukua pamoja na mbuzi tangu wadogo. Duma akitokea, mbwa hubweka na kusimama mbele ya kundi. Mara nyingi duma hukimbia. Mbuzi wanapona, na duma naye hauawi.

2. Tumpe kazi na chakula

Mbwa mwenye nguvu hawezi kukaa bure. Ukimfunga kamba mchana kutwa, atabweka hovyo na kuwa mkali hata kwa mgeni mwema. Aende malishoni na mchungaji. Apate maji safi kila siku. Apate ugali wa kutosha, na mara kwa mara dagaa au nyama iliyopikwa. Mbwa asiyelishwa kwao atakwenda kujilisha kwa jirani.

3. Tumfundishe maneno machache

Maneno matatu yanatosha kuanzia: "Njoo", "Kaa", "Acha". Watu wote wa nyumbani watumie maneno hayo hayo. Baba akisema "Njoo" na mtoto akisema "Hebu huku", mbwa afuate lipi? Tumfundishe dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Akitii, tumsifu na kumpa kipande cha ugali papo hapo.

Tusimpige kwa kosa la jana. Hajui anapigwa kwa nini. Atajifunza kutuogopa tu, na mbwa mwenye hofu hung'ata upesi.

4. Tumchanje

Hapa hakuna mchezo. Kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Karibu watu 99 katika kila 100 wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa.

Mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka kama Bwana Mifugo atakavyoeleza. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kumbe kuchanja mbwa mmoja haitoshi. Kijiji kizima kitoke na mbwa wake.

Mtu aking'atwa, tuoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Siku hiyo hiyo aende kituo cha afya au hospitali akaulizie sindano za kuzuia kichaa. Akiambiwa hapo hazipo, aelekezwe zilipo, aende. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Majani na mafuta ya taa si tiba.

5. Kosa la mbwa ni la mwenyewe

Wengine husema, "Mbwa ni mnyama tu, mimi nifanyeje?" Hapana, ndugu. Mbwa hakujileta nyumbani kwako. Akiua kuku wa jirani, nenda mwenyewe ukaelewane naye na kulipa, kabla hujaitwa na mwenyekiti wa kijiji. Na kama hatuwezi kumlisha, kumfundisha na kumchanja, ni heri tusimchukue. Zizi bora lenye miba mingi nalo linalinda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini si vizuri kumfunga mbwa mchana kutwa?
2. Mtu aking'atwa na mbwa tufanye nini kwanza? Halafu nini?
3. Katika kitongoji chenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa? Hesabuni, muandike, kisha mpelekeeni Bwana Mifugo.