Dawa ya Deni ni Kulipa: Ukiangusha Pikipiki ya Mtu

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma: Kutoka 21:33–34, Kutoka 22:6, Mambo ya Walawi 6:1–7, Zaburi 15, Mathayo 5:23–24, Filemoni 17–19.

Wazo kuu: Mungu anasamehe dhambi, lakini kioo kilichovunjika bado kina mwenyewe.

Wiki hii tunaangalia jambo ambalo linaweza kumpata mtu yeyote. Ibada imeisha, unarudisha gari nyuma, bampa inagusa boda iliyoegeshwa, na boda inalala chini. Au umefungua mlango bila kuangalia. Au mtoto wako amepanda pikipiki ya mwenyewe akicheza, ikaanguka. Hukukusudia. Sasa unafanya nini?

Wengi wetu tuna majibu matatu. La kwanza ni kuangalia kushoto na kulia, kama hakuna aliyeona, tunaondoka. La pili ni kusema, "Ni shetani tu." Ndugu yangu, shetani hakushika usukani. La tatu ndilo la kikanisa zaidi: "Pole sana, Mungu atakubariki." Baraka ni njema, lakini duka la spea halipokei baraka.

1. Sikukusudia, lakini nitalipa

Soma Kutoka 22:6. Mtu amewasha moto, moto ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya jirani. Andiko halisemi alikuwa na chuki. Hata hivyo aliyewasha moto ndiye anayelipa. Katika Kutoka 21:33–34 kuna aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Naye analipa.

Kwa hivyo kutokusudia kunakuondolea lawama ya ubaya, hakukuondolei deni. Kuangusha pikipiki kwa bahati mbaya si dhambi. Dhambi inaweza kuingia katika dakika tano zinazofuata.

Sasa linganisha na Walawi 6. Hapo anazungumziwa mtu aliyemdanganya mwenzake kuhusu mali. Huyo anarudisha mali kamili na kuongeza sehemu ya tano, kisha ndipo analeta sadaka ya hatia. Unaona mpangilio? Ajali inalipiwa hasara. Udanganyifu unalipiwa hasara na nyongeza. Na mwenye mali anarudishiwa kabla kondoo hajafika kwa kuhani. Yesu anafundisha jambo la karibu na hilo katika Mathayo 5:23–24: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, kwanza nenda mpatane, kisha urudi utoe.

2. Dakika za kwanza

Angalia watu kwanza. Kuna aliyeumia? Kuna mtoto karibu na bomba la moshi lenye joto? Kama injini inanguruma, zima. Petroli ikimwagika, hakuna kuwasha kiberiti wala sigara hapo, na kama pikipiki ina koki ya mafuta, ifungwe.

Usiinue peke yako kwa haraka ya aibu. Boda za kawaida zinazidi kilo 100, na mgongo ukiumia umeongeza hasara ya pili. Mwite mwenyewe au mtu mwingine. Kama imelala upande wa kulia, teremsha stendi ya pembeni kabla ya kuinua, kwa maana stendi iko kushoto. Ukisahau, itaangukia upande wa pili.

Kama ni salama na barabara haijazibwa, piga picha kabla ya kuinua na baada ya kuinua. Isiwashwe papo hapo. Iache isimame wima dakika kadhaa, mafuta yatulie. Halafu angalieni pamoja: vioo, indiketa, taa, mkono wa klachi, mkono wa breki, kanyagio, usukani kama umepinda, na kama kuna mafuta yanayovuja. Mkwaruzo kwenye tangi unaonekana haraka, lakini breki iliyopinda ndiyo inayoua. Kama kuna shaka, fundi aiangalie kabla haijabeba abiria.

Na kama mwenyewe hayupo? Ngoja. Uliza kwa askari wa geti na kwenye steji ya karibu, wanajuana kwa namba. Ukilazimika kuondoka, acha karatasi yenye jina na simu, na mwachie mtu pia ujumbe. Tena, dereva aliyesababisha ajali barabarani anatakiwa na Sheria ya Trafiki, Sura 403, kusimama na kutoa jina na anwani. Asipompata wa kumpa, aripoti polisi kabla ya saa 24 kuisha.

Najua kuna hofu ya kuzungukwa na waendeshaji wa boda. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini anayesimama na kusema mapema, "Ni mimi, nitagharamia," huwa ameshapunguza joto. Anayekimbia ndiye anayewasha moto. Ukiona hasira imepanda, ombeni mzee wa steji au kiongozi mmoja azungumze kwa niaba ya wote.

3. Hesabu ya haki

Kulipa hasara si kulipa kioo peke yake. Mwendeshaji wa boda anakula kwa pikipiki hiyo. Wengine wameichukua kwa mkopo, wengine si yao, jioni wanatakiwa kumpelekea mwenyewe pesa. Ikilala kwa fundi, deni lake halilali.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Kioo 300, indiketa 350, mkono wa klachi 250, fundi 300. Hiyo ni shilingi 1,200. Amepoteza nusu siku, ambayo kwa kawaida angeshika 800, lakini angetumia 300 kwa petroli. Hasara yake ya kazi ni 500, si 800. Jumla ni 1,700. Kama ungekimbia, na sehemu ya tano ya Walawi ikahesabiwa, ingekuwa 2,040. Hatutozani leo kwa kipimo hicho, lakini somo liko wazi: kuficha hakujawahi kupunguza bei.

Mlipe fundi na duka moja kwa moja, au tuma kwa simu ili rekodi ibaki. Andikeni mlichokubaliana, hata kama ni mistari miwili. Bima je? Bima ya lazima chini ya Sura 405 ni kwa ajili ya watu wanaoumia au kufa. Uharibifu wa mali unategemea mkataba wako, kwa hivyo usome kabla ya kuutegemea.

Na kama huna pesa? Sema huna. Toa ulichonacho leo, taja tarehe ya kilichobaki, na uitimize. Zaburi 15 inamsifu mtu asiyegeuza ahadi yake hata ikimuumiza. Pia usione haya kueleza kikundi chako cha nyumbani. Paulo alikuwa tayari deni la Onesimo liandikwe juu yake. Kanisa linaweza kusimama na mtu namna hiyo.

4. Neno kwa mwenye pikipiki

Nawe uliyeangushiwa, haki ni ya pande mbili. Kama kioo cha kulia kilikuwa kimevunjika tangu mwaka jana, hakikuvunjika leo. Kutumia ajali ya mwenzako kutengeneza pikipiki nzima ni kuchukua kisicho chako. Hata katika lile shimo la Kutoka 21, aliyelipa ng'ombe alipewa mnyama aliyekufa. Hakulipishwa mara mbili.

Ukitaka kusamehe yote, ni vizuri sana. Lakini msamaha huo ni zawadi inayotoka kwako. Aliyeangusha hana ruhusa ya kukuhubiria, "Sisi ni ndugu, si unisamehe tu." Mdaiwa akianza kuhubiri msamaha, hiyo si injili, ni kukwepa. Na mara nyingi anayebanwa hivyo ni yule mwenye kipato kidogo, anayeogopa kumdai mzee wa kanisa.

Maswali ya kikundi

1. Kuna mali ya mtu niliyoiharibu na sikumwambia? Ni nani, na nitampigia lini?
2. Tofauti ya Kutoka 22:6 na Walawi 6 inatufundisha nini kuhusu kuficha?
3. Je, katika kanisa letu mtu mdogo anaweza kumdai mtu mkubwa bila kuogopa?

Zoezi la wiki: jibu swali la kwanza kwa vitendo kabla ya sadaka ya Jumapili ijayo.

Sala: Bwana, tupe ujasiri wa kusema "ni mimi" kabla hatujatafutwa. Utupe mikono ya kulipa na moyo wa kusamehe. Katika jina la Yesu, Amina.