Somo: Ofisi ya Kikundi Nyumbani kwa Katibu

Ndugu wanakikundi, vikundi vingi vya mwethya hapa Kitui na Makueni havina ofisi. Ofisi ni nyumbani kwa katibu. Mchwa wakila daftari, nani atajua kila mama alilipa ngapi? Basi tumwandalie:

1. Meza na kiti cha kuegemea, karibu na dirisha.
2. Taa ya sola, maana hesabu huandikwa usiku.
3. Daftari la fedha, daftari la mikutano na kitabu cha risiti.
4. Sanduku la bati la kuwekea vitabu, juu ya mawe, mbali na ukuta. Kila wiki tuangalie kama mchwa wamepanda. Pesa ziwe na sanduku lingine lenye kufuli tatu. Funguo zikae kwa wanachama watatu.

Tujadiliane: Je, daftari letu linalala wapi usiku wa leo?