Magadi Katika Sufuria ya Maharage

Maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili hayaivi kwa kubembelezwa. Ndiyo maana wapishi wa makande kule Arusha na Kilimanjaro hutupia kipande cha magadi sufuriani, na wapishi wa mlenda hufanya vivyo hivyo. Kwamba magadi hulainisha, hilo halina ubishi. Yanayofaa kujulikana ni mawili: yanalainishaje, na yanaingia chunguni na nini kingine.

Magadi ya asili hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa ambayo maji yake hayana pa kutokea. Upande wa Tanzania kuna Ziwa Natron. Upande wa Kenya kuna Ziwa Magadi, ambalo kampuni ya kuchimba magadi yake iliundwa mwaka 1911. Jua hukausha maji, chumvi zikabaki. Sehemu kubwa ya bonge linalouzwa sokoni ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, pamoja na maji kidogo yaliyonaswa ndani ya fuwele.

Ndani ya bonge hilo atomu zimeshikana kwa namna mbili. Sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo huiachia kwa urahisi, na ikishaiachia hubaki ayoni yenye chaji chanya. Kaboneti ni ayoni yenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, na mvuto huo ndio unaolifanya bonge kuwa gumu kama jiwe. Lakini ndani ya kaboneti yenyewe, kaboni moja na oksijeni tatu hazikupokonyana elektroni. Zinazimiliki kwa ubia. Kwa hiyo ukilitia bonge majini, sodiamu na kaboneti huachana, ila kaboneti haivunjiki vipandevipande.

Kinachoziachanisha ni umbo la maji. Molekuli ya maji ina haidrojeni mbili na oksijeni moja, nayo imepinda, pembe yake ikiwa nyuzi 104.5. Oksijeni huzivuta elektroni kwake zaidi, hivyo upande wake huwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Maji huizunguka kila ayoni kwa upande unaoipendeza na kuitoa katika fuwele. Laiti molekuli ya maji ingenyooka, magadi yangekaa chini ya sufuria kama changarawe.

Ikishakuwa huru, kaboneti huchukua ayoni ya haidrojeni kutoka kwa molekuli ya maji, na kinachobaki ni haidroksidi. Kitu kinachopokea haidrojeni namna hiyo ndicho besi. Kinachoitoa ndicho tindikali, kama ndimu, ukwaju na nyanya. Kipimo chake ni pH, alichokibuni S.P.L. Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya watengeneza bia wa Carlsberg, Copenhagen. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara 10. Maji ya ndimu huwa karibu na 2 na maji ya magadi karibu na 10, kwa hiyo ayoni za haidrojeni katika ndimu ni nyingi mara 100,000,000. Huna haja ya maabara kuiona tofauti hiyo: juisi nyekundu ya rozela hugeuka rangi na kuelekea bluu au kijani ukitia magadi, na doa la bizari ya manjano kwenye kanzu huwa jekundu likiguswa na sabuni, maana sabuni nayo ni besi.

Turudi kwenye maharage. Seli zake zimegandamana kwa pektini, mfano wa udongo kati ya matofali, na kalsiamu huifunga pektini hiyo ikazidi kuwa imara. Kaboneti huikamata kalsiamu, sodiamu huingia mahali pake isiweze kufunga chochote, na besi yenyewe huikata minyororo ya pektini. Tindikali hufanya kinyume, ndiyo sababu nyanya au ukwaju ukitiwa mapema maharage hukaa magumu hadi mkaa uishe. Viungo hivyo vingoje yaive kwanza.

Ulaini huo una gharama. Besi huharibu vitamini B1, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Sodiamu huongezeka, na mwenye shinikizo la damu hana haja nayo. Magadi pia hula sufuria ya alumini. Ile rangi nyeusi ndani yake si uchafu wa kusuguliwa.

Hayo yote yanavumilika kwa kipimo kidogo. Tatizo kubwa ni floraidi. Miamba ya volkano ya bonde hilo ina floraidi nyingi, maji yanayopita humo huibeba hadi ziwani, na jua likikausha maji floraidi hubaki na chumvi nyingine. Kiasi chake hutofautiana toka bonge hadi bonge, na jicho wala ulimi hauwezi kukitambua.

Kuna wanaoamini kwamba kukamulia ndimu kunayasafisha magadi. Povu linalotoka ni kaboneti ikigeuka kuwa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na ladha kali hutulia kweli. Floraidi haimo katika povu hilo. Inabaki chunguni. Kuchemsha nako hakuiondoi. Maji yakipungua, floraidi huzidi kukolea.

Mwilini, floraidi huitafuta kalsiamu. Ikiwa kidogo huimarisha meno. Ikizidi wakati meno ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi, yaani miaka 8 ya kwanza ya mtoto, meno huota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na katika maeneo kadhaa ya kaskazini mwa Tanzania maji ya kisima peke yake hupita hapo hata kabla ya magadi kuguswa.

Mimi ningeanza na njia isiyo na gharama: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Yakikataa, tumia soda ya kuokea ya dukani, robo ya kijiko cha chai kwa sufuria ya nyumbani. Hiyo ni bikaboneti iliyosafishwa, besi hafifu kuliko magadi. Chakula cha mtoto mdogo kisitiwe magadi ya ziwani kabisa.

Kama maji yenyewe ndiyo yana floraidi, uliza mamlaka ya maji ya eneo lako kiasi kilichopimwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeendeleza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, vinavyofanya kazi kwa kemia ileile: kalsiamu ya mfupa huinasa floraidi kabla haijafika mdomoni. Chujio huchoka na lazima mkaa wake ubadilishwe. Tena, mifupa isiyochomwa kwa joto sahihi huyapa maji harufu na rangi mbaya, kwa hiyo nunua mkaa uliotengenezwa na wanaoijua kazi hiyo.