Kava la Kwaya Linasomwa Kama Kanga



Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, mabango ya uzinduzi wa albamu za kwaya huanza kuonekana kwenye mbao za matangazo za parokia na kwenye makundi ya WhatsApp, maana sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ni tarehe 22 Novemba. Watu hubishana kuhusu sauti: nani kaimba vizuri, nani kaharibu besi. Kuhusu picha hakuna anayebishana. Picha anaachiwa kijana wa steshenari, naye ana bango la harusi, la mkutano wa injili na la singeli yanayomsubiri kwenye kompyuta ileile. Katika somo hili nawaalika tukae na picha hizo kidogo, tukisaidiwa na falsafa ya ishara, na pia na kitu ambacho sisi wa Tanga na Pwani tulikijua kabla ya kufika darasa la falsafa: kusoma kanga.

Tuanze na Mtakatifu Agostino. Katika kitabu cha pili cha De Doctrina Christiana anaeleza kwamba ishara ni kitu ambacho, zaidi ya kile tunachokiona au kukisikia, huleta akilini kitu kingine. Nyayo zinatuambia mnyama amepita, moshi unatuambia kuna moto. Hizo ni ishara za maumbile. Nyingine ni zile ambazo watu wamezikusudia ili kuambiana jambo: maneno, bendera, tarumbeta ya vita. Hizi za pili ndizo zenye taabu, kwa sababu makubaliano ya watu yana mipaka. Agostino anatoa mfano unaochekesha kidogo: neno beta kwa Wagiriki ni jina la herufi, kwa Walatini ni jina la mboga. Sauti ni ileile, na wanaoipa maana ni jamii inayoisikia.

Chukua samaki. Kwa Wakristo wa karne za mwanzo samaki alikuwa ungamo zima la imani, kwa kuwa herufi za neno lake la Kigiriki zilifupisha maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Sasa chora samaki huyohuyo kwenye bango la kwaya, ulibandike karibu na soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga. Watu watauliza bei. Hawajakosea. Wamesoma kwa makubaliano ya mahali walipo.

Historia ya muziki wetu imejaa beta za namna hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, ambayo nembo yake ilikuwa mbwa aliyeinamia gramafoni akisikiliza sauti ya bwana wake. Kwa Mwingereza picha ile ilisema uaminifu, na tena kwamba sauti ya santuri ni kama ya mtu aliye hai. Iweke kwenye sebule ya Kiislamu ya Unguja au ya Ngamiani, ambako mate ya mbwa ni najisi, uone inasema nini. Santuri zilinunuliwa hata hivyo, kwa sababu ya Siti, si kwa sababu ya mbwa. Na jambo la kutusikitisha kidogo sisi waseminari: kabla ya mbwa, kampuni hiyohiyo ilitumia nembo ya malaika anayeandika kwa unyoya juu ya santuri, iliyobuniwa mwaka 1898. Malaika akastaafishwa, mbwa akaajiriwa.

Hapa Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, taarabu ilikuwa na vikundi vilivyosikika mbali, Black Star na Lucky Star, ambako Bi Shakila Saidi alivuma. Santuri ndogo za wakati ule mara nyingi ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi ya kampuni, yenye tundu katikati ili lebo isomeke. Hapakuwa na picha ya mwimbaji wala ya gauni lake. Mzigo wote wa ishara ulibebwa na jina, na jina lilikuwa nyota. Nyota nyeusi ilikwishakaa katikati ya bendera ya Ghana tangu 1957, ikisema Uhuru wa Afrika. Nyota ya bahati inasemwa katika lugha ya wapiga ramli. Kwa baharia nyota ni njia ya kurudi nyumbani, na kwetu Wakristo ni ile ya Mamajusi. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilipokusanya nyimbo za vikundi hivyo viwili katika albamu moja mwaka 1989, iliiita kwa neno moja tu la Kiswahili: Nyota. Naliona kuwa miongoni mwa majina bora ya albamu yaliyowahi kutoka Pwani, kwa sababu halitangazi chochote kwa kelele, na kila msomaji analiingia kwa mlango wake.

Sasa kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi. Bibi zetu hawasomi vitu hivi kimoja kimoja. Mji unaweza kuwa korosho au nanasi, jambo lisilo na ugomvi, lakini jina lililo chini yake likageuza nanasi kuwa kombora kwa jirani. Maana iko katika kuvikutanisha vitatu, na pia katika nani kaivaa, mbele ya nani, siku gani. Kijana aliyekulia Pwani akiletewa kava la albamu hulisoma hivihivi hata kama hajui kwamba analisoma: fremu na rangi zake ni pindo, picha kuu ni mji, maandishi ni jina.

Kuhusu pindo sina mengi. Tunazijua rangi za liturujia, lakini mtaani kuna liturujia nyingine. Kwaya ikivaa kijani na njano kwa sababu ya kipindi cha kawaida cha mwaka na shangwe ya mavuno, nusu ya watazamaji wataiona Yanga, na nusu nyingine watauliza kama ni mwaka wa uchaguzi. Si dhambi. Ila ni vizuri mwalimu wa kwaya awe amelijua kabla vitambaa havijanunuliwa.

Kwenye mji ndiko kwenye mambo mazito. Likizo iliyopita, katika parokia moja ya ukanda wetu, niliombwa kuangalia bango la uzinduzi kabla halijachapwa. Katikati palikuwa na monstransi kubwa yenye miali ya dhahabu. Mbele yake walisimama wanakwaya, na mbele yao kabisa mpiga kinanda, mikono imefunguliwa. Chini: VIP shilingi 20,000, kawaida 5,000. Mwalimu wa kwaya alikuwa na hoja yake, nami naiheshimu. Alisema, “Frateri, siku hizi bango lisiposhtua macho, mtu analipita kwenye simu kwa kidole.” Mama mmoja wa WAWATA, aliyekuwa amekaa pembeni akihesabu kadi za mwaliko, akainua macho: “Mwanangu, na hiyo Sakramenti Kuu iko kwenye viti vya elfu ishirini au vya elfu tano?”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Sijakutana na mhadhara uliolisema vizuri zaidi. Ishara inapaswa kuiongoza akili mahali. Monstransi ipo ili akili na moyo viende kwa Kristo na kumwabudu. Ilipowekwa nyuma ya mpiga kinanda na juu ya bei, njia iligeuzwa: miali ya Ekaristi ilikuwa inatuelekeza kwetu. Ilifanywa taa ya jukwaa. Chambo ni chambo hata kikiwa cha dhahabu.

Ni vema tukumbuke hapa kisa cha Septemba 2022, wakati TCRA ilipovitaka vyombo vya utangazaji visitishe kuonyesha video ya wimbo Mtasubiri wa Diamond Platnumz na Zuchu, kwa sababu ya kipande chenye mandhari ya kanisa kilicholalamikiwa kuwaudhi waamini. Wengi wetu tulisema ni haki, mahali patakatifu si pambo. Basi kipimo kiwe kimoja. Kama kanisa si pambo la wimbo wa mapenzi, monstransi nayo si pambo la tiketi, na sisi tuna udhuru mdogo zaidi kwa kuwa tunajua ni nini.

Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, katika waraka wake wa mwaka 1997 kuhusu maadili ya matangazo, lilitaja mambo matatu ya kuzingatia: ukweli, hadhi ya mwanadamu na wajibu kwa jamii. Kuhusu ukweli tuna tabia moja ya kuchekesha. Wanakwaya wa Pangani au Muheza wanapigwa picha chini ya mwembe, kisha kompyuta inawahamishia mbele ya milima ya theluji. Wamesimama pale na vitenge vyao, wala hawatetemeki. Mtu ataniambia theluji ni ishara ya usafi. Kwa nani? Agostino angeuliza makubaliano hayo yalifanyika wapi.

Wanaotafuta mfano wa mji uliopangwa vizuri wautazame mchoro wa Raffaello wa Mtakatifu Sesilia, wa miaka ya 1510, ulioko Bologna. Sesilia amesimama, na miguuni pake ala za muziki zimetawanyika, nyingine zimevunjika. Kinanda kidogo cha mabomba alichokishika kinaelekea chini, na mabomba yanaanza kuchomoka. Yeye haangalii ala wala hatuangalii sisi. Anatazama juu, ambako malaika wanaimba. Katika mchoro ulioagizwa kwa ajili ya kanisa, ala zimewekwa chini! Anayeutazama haambiwi kwamba muziki ni mbaya, maana Sesilia ndiye rafiki yetu katika muziki. Anaonyeshwa macho yanakopaswa kwenda baada ya muziki kufanya kazi yake. Ulinganishe na bango lile, ambalo kinanda kilikuwa kitu kilicho karibu zaidi na mtazamaji.

Je, tuweke nini badala yake? Sidhani ni lazima kila mara tuchukue alama kubwa kabisa za imani. Tuna za kwetu zilizolala. Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unafananisha tumaini na nanga ya roho, na Wakristo wa zamani walichonga nanga kwenye makaburi ya Roma. Nanga haihitaji maelezo kwa mtu wa Pangani, ameishika kwa mkono wake. Kanisa limefananishwa na chombo cha baharini tangu karne za Mababa, na katika Marko sura ya 4 Bwana amelala ndani ya mashua katikati ya dhoruba. Tuna ngalawa na jahazi mlangoni, na mji wenyewe unaitwa kwa neno ambalo ni jina la kitambaa kinachopokea upepo. Tanga lililojaa upepo usioonekana: anayetaka kuwaza Roho Mtakatifu atawaza, na jirani Mwislamu atakayelipita bango hilo njiani ataona chombo chetu sote kinasafiri salama.

Na jirani huyo ni sehemu ya somo. Nimeona kava lenye Malaika Mkuu Mikaeli, upanga juu, miali ya moto nyuma. Kwa Mkatoliki adui aliye chini ya mguu wake ni Shetani, hakuna mwingine. Lakini Tanga ni mji wa watu wa dini mbili wanaoshiriki kuta, misiba na sherehe, na upanga bila jina lake ni beta tupu. Anayeuona toka ng’ambo ya barabara anaweza kujiuliza umeelekezwa kwa nani. Ndani ya kanisa, mahali ambapo jamii yenye makubaliano imekusanyika, sanamu hiyo ina maana yake timamu. Barabarani imetoka nje ya makubaliano, na huko inahitaji jina linaloisaidia, au ibaki nyumbani.

Limebaki jina, sehemu ya tatu ya kanga yetu. Kava nyingi za kwaya zina jina la kwaya, la parokia, la jimbo, namba ya simu ya mwenyekiti, na maneno Vol. 2 makubwa kama nyumba. Mtunzi hayupo. Watu wanaimba nyimbo za John Mgandu au Bernard Mukasa kila Jumapili, lakini ukiuliza wimbo ni wa nani utaambiwa ni wa kwaya fulani, kwa sababu ndivyo kava lilivyosema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, lakini hata bila sheria jambo hili linagusa lile la kwanza katika waraka wa 1997. Kava lisilomtaja linaleta akilini kitu kisicho kweli, kwamba wimbo ulizaliwa siku ya kurekodi. Nafasi ipo ya kutosha kwenye pindo la chini, hasa theluji ikishaondolewa: jina la mtunzi kwanza, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kisha la mwalimu, kisha la mpiga kinanda, na la fundi aliyekesha studio.