Kukaa kisiwani, kuikala mu kisiwa: somo la mahali kutoka mnara wa taa wa Chumbe

Utangulizi

Makala haya yametokana na kazi ya mazoezi niliyoifanya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la Kiswahili. Tulihitaji maandishi mafupi yenye maneno mengi ya mahali: ndani, juu, chini, kando, ng'ambo. Nikachagua habari za kisiwa chenye mnara wa taa ambako wageni hulala. Sisi watu wa Lubumbashi tuko mbali na bahari, na wengi wetu hatujawahi kuona mnara wa namna hiyo. Ugeni huo una faida kwa somo letu, kwa kuwa mtu akisoma habari za mahali asipopajua hawezi kukisia. Inambidi aisome sarufi yenyewe.

Swali langu ni hili: Kiswahili cha Lubumbashi kinasemaje yale ambayo Kiswahili sanifu kinayasema kwa kiambishi -ni? Na tukishajua jibu, je, ni haki kuandika neno "kosa" kwa wino mwekundu kila mara mwanafunzi anapoandika "mu kisiwa"?

1. Kisiwa chenyewe

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya mji wa Zanzibar, upande wa magharibi wa Unguja. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, wakati Zanzibar ilipokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, ili kuzionya meli zisigonge miamba. Kando ya mnara kuna msikiti wa zamani na nyumba ya mlinzi wa taa. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba matumbawe na msitu wa kisiwa hicho ni hifadhi, baada ya juhudi za Mjerumani mmoja, Sibylle Riedmiller. Baadhi ya walinzi wa hifadhi ni watu waliokuwa wavuvi. Nyumba ya mlinzi wa taa iligeuzwa kuwa mahali pa kupokea wageni, na nyumba 7 ndogo za kulala zikajengwa karibu na ufuko. Watoto wa shule za Zanzibar nao huletwa huko kujifunza habari za bahari.

Kuna sababu nyingine ya kulichagua eneo hilo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Basi tunaposahihisha karatasi zetu kwa kipimo cha sanifu, tunazipima kwa usemi uliozaliwa upande wa pili wa mkondo kutoka Chumbe. Si vibaya kufanya hivyo. Ila ni vizuri kujua kipimo kimetoka wapi.

2. Maandishi ya somo

Haya ndiyo maandishi niliyowaandalia wanafunzi. Nimeyapa namba ili tuweze kuyarejea.

(1) Wageni wanafika kisiwani kwa mashua kutoka Unguja.
(2) Kisiwani pana mnara wa taa.
(3) Mnarani mna ngazi 131.
(4) Juu ya mnara kuna upepo mwingi.
(5) Zamani mlinzi wa taa alikaa katika nyumba iliyo kando ya mnara.
(6) Leo wageni hulala katika nyumba ndogo zilizoezekwa makuti.
(7) Maji ya kuoga ni ya mvua. Hukingwa na paa na kuhifadhiwa chini ya nyumba.
(8) Usiku kaa wakubwa hutembea msituni.

3. Mnara, taa na phare

Tuanze na jina la kitu. Kwa Kifaransa tunasema phare, na mjini kwetu neno hilo linajulikana zaidi kama taa za mbele za motokari. Lakini asili yake ni jina la kisiwa: Pharos, kisiwa cha mbele ya Aleksandria, Misri, ambako mnara mashuhuri wa taa ulijengwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Jina la kisiwa likawa jina la mnara, kisha likafika hadi kwenye motokari za barabarani kwetu.

Neno mnara nalo lina safari yake. Limetoka kwa Kiarabu, manara, maana yake mahali pa mwanga. Hilohilo ndilo lililotumika kwa mnara wa msikiti. Kiswahili kimelipokea na kulivika sarufi ya Kibantu: sehemu ya kwanza imesikika kama kiambishi cha ngeli, hivyo mnara mmoja, minara miwili, kama vile mti na miti. Sisi tunasema munara, kwa kuwa kwetu kiambishi mu- hakipotezi irabu yake: mutoto, mulango, mugeni.

Kwa historia basi, anayesema "mnara wa taa" anasema karibu "mahali pa mwanga pa mwanga". Msemaji wa leo hasikii marudio hayo, na hana haja ya kuyasikia. Neno likishaingia lugha nyingine hufuata sheria za mwenyeji wake.

4. Sauti l iliyopotea

Neno taa linatupeleka kwenye jambo la pili. Kinyarwanda husema itara, Kiganda husema ettaala. Lugha hizo jirani zina konsonanti katikati pale ambapo sanifu ina irabu mbili zinazofuatana. Huo ni mfano mmoja wa sheria pana: Kiswahili cha pwani kimepoteza sauti l kati ya irabu katika maneno mengi ya zamani. Kiswahili cha Lubumbashi, kinachoishi kati ya Kiluba, Kibemba na lugha nyingine zilizoitunza l hiyo, mara nyingi kinayo:

njaa, kwetu njala
kuvaa, kwetu kuvala
kuzaa, kwetu kuzala
juu, kwetu yulu
kukaa, kwetu kuikala
makaa, kwetu makala

Sasa tazama sentensi (5) na (8). Katika (5) kuna alikaa. Katika (8) kuna kaa, mnyama mwenye magando. Chumbe inajulikana kwa kaa wakubwa sana wa nchi kavu, wanaoweza kupanda minazi. Tukiongeza kaa la moto, tunapata maneno matatu ambayo sanifu inayatamka karibu sawasawa. Msomaji wa pwani huyatenganisha kwa ngeli na kwa maana: kaa huyu, kaa hili, yeye alikaa. Kwetu hayagongani hivyo. Aliyenunua mfuko wa makala sokoni hawezi kufikiria kitendo cha kuikala. Na Kibemba kinamwita kaa wa majini inkala, l ikiwa mahali pake.

Mwanafunzi mmoja aliposoma (8) aliuliza kwa nini makaa yatembee msituni usiku. Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Alikuwa amegundua peke yake kwamba lugha iliyopoteza sauti hulazimika kuitegemea zaidi ngeli. Kiambishi wa- katika "wakubwa" ndicho kinachotuambia kwamba hapa kuna viumbe hai. Vivyo hivyo na paa katika (7): paa la nyumba si paa wa msituni, na anayetutofautishia ni upatanisho tu.

5. Mahali: -ni dhidi ya mu, ku, pa

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika sanifu, kisiwani, mnarani na msituni hupata kiambishi kimoja tu, -ni, na chenyewe hakituambii kama tuko ndani, karibu au kwa jumla. Tofauti hiyo hubebwa na upatanisho. Linganisha:

(9) Mnarani mna giza. (ndani yake)
(10) Mnarani pana walinzi wawili. (mahali palepale)
(11) Mnarani kuna upepo. (eneo hilo kwa jumla)

Neno la kwanza halibadiliki. Kinachobadilika ni mna, pana, kuna. Mtu asiyesikiliza kitenzi amekosa nusu ya habari.

Kiswahili cha Lubumbashi kimepanga kazi kwa njia nyingine. Kiambishi -ni kimebaki zaidi katika maneno yaliyoganda, kama chini. Mahali pa -ni tunatumia mu, ku na pa mbele ya jina:

(12) Bageni banalala mu nyumba.
(13) Tunaenda ku kisiwa.

Baada ya hapo kitenzi hakilazimiki kurudia tofauti hiyo. Mara nyingi kuko inatosha kwa zote. Yaani sanifu inaweka habari ya mahali nyuma, kwenye kitenzi, nasi tunaiweka mbele, kwenye jina. Mfumo wa mahali wenye pande tatu, ambao ni urithi wa Kibantu, uko katika lugha zote mbili. Kibemba na Kiluba pia huweka alama hizo mbele ya jina, na bila shaka ujirani huo umetusaidia kuzishika.

Wataalamu wameliandika jambo hili zamani. Edgar Polomé alieleza Kiswahili cha mji huu katika miaka ya 1960, na mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima juu yake. Kwa hiyo sileti ugunduzi. Ninachouliza ni kwa nini maarifa hayo yanabaki maktabani wakati kalamu nyekundu inaendelea na kazi yake ya siku zote.

6. Hatari ya maneno yanayofanana

Haitoshi kusifu. Mahali pengine usemi wetu na sanifu vinaweza kumpoteza msomaji, na hapo lazima tufundishe kwa uangalifu. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni juu ya. Kwetu yulu ya ina maana ya mahali na pia ya sababu, "yulu ya nini?" ni kuuliza kwa nini. Mtu wa Lubumbashi akisema meli zimepona yulu ya munara, anataka kusema kwamba mnara ndio uliozisaidia. Msomaji wa Zanzibar aliyeandikiwa "meli zimepona juu ya mnara" ataona vyombo vimepanda angani. Hapo aandike "kwa sababu ya mnara".

Wa pili ni hoteli. Tanzania na Kenya neno hilo laweza kuwa mahali pa kula tu, hata penye meza mbili na sufuria ya chai. Ukitaka kitanda, uliza nyumba ya kulala wageni, au gesti. Kwetu oteli ni kitanda kwanza.

Wa tatu ni kufikia. Sanifu husema "tulifikia kwa shangazi", maana yake tulifika na kulala kwake. Kiambishi cha kutendea kimegeuza mwisho wa safari kuwa makazi ya mgeni. Wanafunzi wetu waliandika "tulilala" kila mahali. Si kosa, ila wameacha neno zuri lisilo na mzigo wa usingizi.

7. Pendekezo

Napendekeza kwamba katika mazoezi ya mwaka wa kwanza tusahihishe kwa safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya maneno ambayo si sahihi katika usemi wowote, kama "mnarani wana giza". Safu ya pili iwe ya maneno yaliyo sahihi Lubumbashi lakini yanayohitaji kubadilishwa katika maandishi sanifu, kama "mu kisiwa". Ya kwanza ipunguze alama. Ya pili iandikiwe sheria ya kubadilisha, na alama zipungue tu ikiwa sheria hiyo imekwisha kufundishwa.

Si suala la huruma. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba usemi wa mama yake ni makosa matupu hufanya mojawapo ya mambo mawili: huacha kuandika Kiswahili na kurudi kwenye Kifaransa, au hubandika -ni kila mahali kwa woga. Nimeona "katika kisiwani" na "mu kisiwani" katika karatasi ileile. Huyo hakukosa akili. Alikuwa na mifumo miwili kamili kichwani, na hakuna aliyemwonyesha mpaka uliopo kati yake. Kazi yetu katika kitivo cha lugha ni kuuonyesha mpaka huo, ili avuke akitaka na arudi akitaka.

Mazoezi

a) Andika sentensi (1) hadi (8) kwa Kiswahili cha Lubumbashi unavyokisema nyumbani. Usijisahihishe.

b) Katika majibu yako, pigia mstari kila mu, ku na pa. Kisha eleza ni neno gani la sanifu linalobeba maana hiyo: jina au kitenzi?

c) Eleza tofauti kati ya "Kisiwani pana maji", "Kisiwani mna maji" na "Kisiwani kuna maji".

d) Tafuta maneno matano ya sanifu yenye irabu mbili zinazofuatana, na uulize mzee wa nyumbani kwenu kama lugha yake ina l katikati. Andika jibu kama alivyolitamka.

e) Mgeni kutoka Unguja amefika Lubumbashi na anatafuta "hoteli" saa tatu usiku. Andika maswali mawili ya kumwuliza kabla ya kumwelekeza.